Pilau inayobaki shughulini, na theluthi ya chakula cha dunia

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, naishi Makorora. Harusi, hitima, maulidi, nyumba ikiniita nakwenda na masufuria yangu. Juzi mjukuu wangu kanisomea kwenye simu kwamba theluthi moja ya chakula cha dunia inatupwa, na kwamba kisingetupwa, wenye njaa wote wangeshiba. Tangu siku hiyo sina raha, maana sijaona shughuli isiyobakiza. Kingine tunawagawia majirani, kingine wanakula kuku na mbuzi, na kingine kikilala kinachacha, tunamwaga. Je, hiyo theluthi ni sisi? Na mimi nikiacha kumwaga, yule mwenye njaa huko Sudan atakula?

JIBU: Waalaykum salaam, na shikamoo mama. Nianze na hao kuku na mbuzi, maana hapo una nafuu: hawamo kwenye hesabu. Umoja wa Mataifa unapopima chakula kinachotupwa, kile kilichogeuzwa kuwa chakula cha mifugo hauhesabu kwamba kimetupwa. Kinachohesabiwa ni kilichoishia jalalani, mtaroni, motoni, hata kwenye shimo la mboji. Kwa hiyo ukoko uliowamwagia kuku na maganda ya viazi aliyokula mbuzi yameshatoka. Iliyomo ni ile sufuria iliyolala ikachacha, pamoja na makombo ya kwenye masinia yaliyozolewa yakapelekwa dampo.

Hiyo theluthi nayo ina historia yake. Mjukuu wako hakukudanganya, ila kakusomea habari ya zamani. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilitoa makadirio kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya watu, tani bilioni 1.3 hivi kwa mwaka, hupotea au hutupwa. Humo mlikuwa na kila kitu: mahindi yaliyobunguliwa ghalani, samaki walioharibikia kwenye ngalawa, na mkate wa mtu wa London uliotupwa kwa kuwa umekauka pembeni. Tena ilikuwa theluthi kwa uzito. Nyanya na machungwa ni mazito kwa sababu ya maji yake, na ndiyo yanayowahi kuoza. Watafiti walipoichukua namba hiyo hiyo wakaipima kwa nguvu ambayo mwili ungeipata, theluthi ilishuka ikawa kama asilimia 24. Ni nyingi bado, lakini si theluthi.

Baadaye kazi ya kupima iligawanywa. FAO wanaangalia kinachopotea kuanzia zao likishavunwa hadi kabla halijafika kwa muuzaji wa rejareja, na wanasema ni kama asilimia 13 kwa dunia nzima. UNEP, shirika la mazingira lenye makao yake Nairobi, wanaangalia kuanzia kwa muuzaji huyo mpaka kwenye sahani. Ripoti yao ya 2024, ambayo inahusu mwaka 2022, inataja tani bilioni 1.05, yaani asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Watu hupenda kujumlisha 13 na 19, wakapata 32, wakafurahi kwamba theluthi yao imerudi. Hesabu hiyo haikubali. Ile ya FAO inapimwa kwa thamani ya mazao, hii ya UNEP inapimwa kwa uzito, na kila moja ni asilimia ya kitu chake.

Kisha kuna ambacho hakimo katika zote mbili. Chungwa la Muheza lililoiva likaanguka chini ya mti, kwa kuwa bei ya msimu haimrudishii mkulima hata ujira wa kuchuma, halikuvunwa. Basi halimo kwenye 13 wala kwenye 19. Mwaka 2021 WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, lilijaribu kukadiria kinachopotea huko shambani, kipindi cha mavuno na karibu yake, likapata tani bilioni 1.2. Ndiyo maana mtu akinitajia namba moja ya dunia nzima humuuliza kwanza ameanzia kuhesabu wapi.

Turudi jikoni. Katika zile tani bilioni 1.05, milioni 631 zimetoka majumbani, sita katika kila kumi. Hoteli, migahawa na wapishi wa watu wengi, kundi lako wewe, milioni 290. Maduka na masoko, milioni 131. Ukiwagawia watu wote wa dunia, kila mmoja anapata kilo 132 kwa mwaka, na 79 kati ya hizo ni za nyumbani. Ni gramu mia mbili na kitu kila siku, kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa.

Najua utasema hao ni Wazungu. Hata wataalamu walisema hivyo kwa miaka mingi: tajiri anatupa sahani, maskini anapoteza shambani. Vipimo vya majumbani vilipoanza kupatikana, maneno hayo yakayumba. Ripoti ya 2024 inaonyesha kwamba kati ya nchi tajiri, zile za kipato cha kati cha juu na zile za kipato cha kati cha chini, kundi ambalo Tanzania imo tangu 2020, wastani wa kinachotupwa nyumbani unapishana kwa kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka.

Lakini wewe ni mpishi, isome namba hiyo kwa jicho la mpishi. Kilo hizo zimechanganya kinacholika na kisicholika: ganda la ndizi, mfupa, kokwa ya embe, machicha ya nazi, matumbo ya samaki. Anayenunua mboga iliyokwishamenywa, kuoshwa na kufungwa hana cha kumenya nyumbani kwake. Maganda yameshabaki kiwandani. Wewe unaanza na mkungu, nazi nzima na changu mwenye magamba. Ripoti yenyewe inaeleza kwamba nchi za joto zinaelekea kuwa na kilo nyingi zaidi majumbani, kwa sababu zinakula vitu vibichi vyenye maganda mengi na friji ni chache. Kwa hiyo kilo zinaweza kulingana huku madhambi yakipishana sana. Natamani kila nchi ingetenganisha kinacholika na kisicholika, na zinazofanya hivyo ni chache mno.

Kwa mkoa wetu, nikiulizwa niweke shilingi ya kwanza wapi, siiweki jikoni kwako. Naipeleka njiani. FAO wanakadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara inapoteza kama asilimia 20 ya chakula kabla hakijafika kwa muuzaji, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia, na ukisimama alfajiri sokoni Mgandini malori yakishusha utaona kwa nini. Nyanya zimetoka Lushoto ndani ya matenga, tenga juu ya tenga, zikateremka kona za Soni hadi Mombo, zikapigwa jua mpaka mjini. Za chini zimefika zimekuwa rojo. Kabichi zimeshindiliwa kwenye lumbesa ambayo sheria ya vipimo imeikataza, na bado inajazwa kwa sababu mnunuzi analipa kwa gunia, si kwa kilo. Zile zilizopasuka anazibeba mkulima kwenye bei anayopewa, na unazibeba wewe kwenye bei unayotozwa. Kreti la plastiki lenye matundu lingeokoa sehemu kubwa ya nyanya hizo. Tatizo ni kreti kurudi Lushoto: tenga linatupwa, kreti lina mwenyewe, na kila dereva anataka kurudi na mzigo unaolipa. Mambo ya chakula kupotea mara nyingi yako hivyo. Dawa inajulikana, ila hakuna anayelipwa kuitumia.

Dagaa ni vivyo hivyo. Sahare, Kigombe, Kipumbwi, wanavuliwa usiku kwa taa, asubuhi wanachemshwa maji ya chumvi, kisha wanaanikwa. Kiangazi hakuna neno. Masika ikiingia, mvua ya saa mbili inatosha kuharibu kazi ya usiku mzima, na waliochanganyika na mchanga wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Vichanja vya kuanikia juu ya ardhi, vyenye turubai la kufunika, si teknolojia ya ajabu. Kwa dunia nzima FAO imewahi kueleza kwamba asilimia 35 ya samaki wanaovuliwa na kufugwa hupotea au hutupwa, na kwa sehemu za joto kama pwani yetu barafu ndiyo kesi yenyewe: samaki anaanza kuharibika tangu yuko mashuani, na barafu inauzwa nchi kavu.

Mahindi yana adui aliyeletwa. Dumuzi, wengine humwita skania, asili yake Amerika ya Kati. Alionekana kwetu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasambaa nchi nyingi za Afrika, na anaweza kuligeuza gunia kuwa unga ndani ya miezi michache. Mifuko ya kinga njaa, ile yenye matabaka ya nailoni inayofungwa hewa isiingie, inamuua kwa kumkosesha pumzi, bila dawa yoyote. Ninaitaja kwa sababu nyingine pia. Nafaka iliyohifadhiwa vibaya ikapata unyevu huota ukungu, na ukungu fulani hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Walikula kile walichokuwa nacho. Yapo mahindi ambayo haki yake ni kutupwa, na anayehubiri kwamba kutupa ni vibaya siku zote sharti awakumbuke watu hao.

Sasa Sudan. Mwaka 2024 watu kama milioni 673 duniani walikuwa na njaa ya kudumu, na mwaka 2022 majumbani peke yake kulitupwa, kwa makadirio ya chini, chakula cha kutosha milo bilioni moja kila siku. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, moyo unakwambia ni suala la kuchukua hapa na kupeleka pale. Siyo. Njaa iliyotangazwa kuwa baa kamili katika kambi ya Zamzam, Darfur, Agosti 2024, ilikuja na vita: barabara zimefungwa, mashamba hayakulimwa, misafara ya misaada imezuiwa. Hapakukosekana mchele duniani. Pilau yako haifiki huko, na hata ingefika, isingepita kwenye vizuizi. Hivyo kwa swali lako la mwisho jibu langu ni hapana, na sitaki ulale na mzigo usio wako.

Mzigo ulio wako, na wangu, ni mwingine. Kilo moja ya mchele inayomwagwa Makorora imeshakula ardhi, maji, mbolea, mafuta ya lori na mkaa. FAO walipoijumlisha ardhi inayolima chakula kisicholiwa walipata hekta bilioni 1.4, zaidi ya robo ya ardhi yote ya kilimo na malisho duniani. Ni kama Tanzania 15, zimelimwa na kuchungiwa bure. Chakula kikifukiwa dampo, chini ambako hewa haifiki, kinaoza na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa miaka 20 ya kwanza inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa. Ukiunganisha kilimo chake na kuoza kwake, chakula kinachopotea na kutupwa kinachangia asilimia 8 mpaka 10 ya gesi zinazoipasha dunia joto, karibu mara tano ya ndege zote za abiria na mizigo. Kwa fedha inakadiriwa ni dola trilioni moja kwa mwaka. Mimi trilioni siwezi kuiona. Ninachokiona ni mzazi aliyekopa kwenye kikoba ili aoze binti, akanunua mchele kilo 50, na kilo 10 zake zikaishia mtaroni kabla hajaanza kulipa rejesho la kwanza.

Nchi nyingine wamelikabili kwa sheria. Korea Kusini walikataza mabaki ya chakula kufukiwa dampo mwaka 2005, na kuanzia 2013 kaya inalipa kadiri ya uzito inaotupa. Ufaransa tangu 2016 supamaketi kubwa haziruhusiwi kuharibu chakula kinacholika. Sharti ziingie mkataba na mashirika ya misaada. Nazipongeza, ila sioni sheria ya supamaketi ikimsaidia muuza nyanya wa Mgandini. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza kwa nusu chakula kinachotupwa kwa kila mtu ifikapo 2030, na mwendo tulio nao haututoshi kufika.

Nirudi kwenye masufuria, maana hapo una amri. Shughulini hakimwagwi kwa uvivu. Kinamwagwa kwa hofu. Kwetu pilau ikipungua mbele ya wageni ni aibu itakayosimuliwa mpaka mtoto wa ndoa hiyo naye aoe, lakini ikibaki sufuria mbili hakuna anayesema neno. Shekhe anaisoma aya, kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, wote tunaitikia, na baada ya muda mfupi masinia yanaingia yamejaa vilele. Kwa hiyo mwenye nyumba akisema kadi ni 300, anakwambia pikia 400, na wewe kwa kulinda jina lako unapikia 450. Kila mmoja ameongeza chake bila kumwambia mwenzake.

Dawa ni kuongeza mchele badala ya wali. Pika kwa idadi aliyoithibitisha. Kilo moja ya mchele inatosha watu sita hadi wanane wazima. Ile akiba iweke kavu, imechambuliwa tu, haijaoshwa, na karibu yake sufuria, viungo vilivyokaangwa na supu iliyo motoni. Sufuria ya kwanza ikifika nusu na wageni bado wanaingia, osha na utie. Watakaochelewa watasubiri kidogo, wapigiwe taarabu. Mchele mkavu unarudi ndani, wali haurudi.

La pili ni sinia. Kilichobaki kwenye sinia lililoingiwa na mikono ya watu wanne watano humgawii mtu, hicho ni cha kuku. Kilichobaki ndani ya sufuria kwa mwiko safi ni chakula bado. Basi pakua kidogo, kisha mpitishe mtu na bakuli la kuongeza. Hoteli za Norway zilipopunguza tu ukubwa wa sahani, mabaki yalipungua kwa kama asilimia 20 na wageni hawakulalamika. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013. Sinia lisilo na kilele lina kazi hiyo hiyo.

La tatu ni saa, na hapa nitakuwa mkali. Mnagawa lini? Mara nyingi naona wanangoja shughuli iishe, vyombo vioshwe, ndipo magharibi mtu akumbuke jirani. Wali uliopikwa asubuhi umeshakaa kutwa nzima kwenye joto. Katika mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu anaamka, anazaana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Kanuni ni saa mbili tangu chakula kitoke motoni, na joto likipita nyuzi 32, kama Februari yetu, iwe saa moja. Baada ya hapo, ama kiwe kinafuka, juu ya nyuzi 60, ama kiwe ndani ya friji chini ya nyuzi 5. Wali wa nazi unawahi zaidi kuharibika kwa sababu ya tui. Sufuria kubwa usiiingize kwenye friji nzima nzima, katikati itabaki na joto usiku kucha; tandaza kwenye sinia pana, upoe upesi, kisha ndiyo uhifadhi. Na kugawa kupangwe kabla ya shughuli: madrasa gani, nyumba gani za wajane na wagonjwa, nani anapeleka na kwa chombo gani, mara tu duru ya mwisho ikishakula. Kiporo kilicholala nje usimpe mtu kwa nia ya thawabu. Hata kuku, kikiwa na ukungu, usiwape.

Mweleze mwenye nyumba haya yote siku ya kupanga bajeti, si siku ya kupika, kwa sababu siku ya kupika shangazi wa bwana harusi atakuwepo na hatakusikiliza. Na ule mchele mkavu uliobaki, upimeni kwa mzani mbele ya watu wawili wa nyumba hiyo kabla hujafunga masufuria yako, aukabidhiwe mwenyewe mkononi, maana mpishi aliyebakisha mchele ndiye wa kwanza kusemwa kwamba ameondoka na mwingine.